Kinanda Kwenye Kidaka cha Bi Raihana

Mji wa Kale, Mombasa
Jumatatu asubuhi

Kwa kaka yangu Sammy, fundi wa mawe na bingwa wa kununa,

Salamu zangu nimezituma zitangulie mbele ya karatasi hii. Zikifika huko Lamu zikukute uko juu ya jukwaa na mwiko mkononi, mgongo mzima, magoti mazima, na kile kikohozi cha chokaa kimekuacha. Ukiniuliza mimi, mwili sina neno, chakula nakipata, ila moyo tangu juzi haujarudi mahali pake. Mkono huu unaoandika bado una vidonda. Kwa hivyo ukiona mistari inapanda na kushuka usije ukasema ni kwa kuwa niliacha shule kidato cha pili. Kidato cha pili chatosha, kaka. Wako waliomaliza vyote na hawajui hata kubadilisha fyuzi, na mmoja wao ananisoma sasa hivi.

Najua utashangaa kupata barua wakati huu wa simu. Simu yangu imezikwa. Usicheke, soma kwanza. Anayekuletea ni mkeo, shemeji Caroline, anayepanda basi kuja kukutazama. Nimeifunga kwa gundi ile ya kubandikia spika, na ukiiona imefunguliwa unamjua wa kumuuliza.

Sasa kaa chini. Usiisome ukiwa juu ya jukwaa.

Bwana Shukri unamkumbuka, yule mwenye duka la leso Biashara Street, ambaye nilimtengenezea spika ya kuitia wateja mpaka majirani wakaja kumwomba aizime. Basi binti yake Zakiya alikuwa anaolewa, na mama yake Bwana Shukri, Bi Raihana, aliniita nyumbani kwake huku Mji wa Kale. Nyumba ni ya zamani za kale, kuta za matumbawe nene kama godoro lililosimamishwa, na juu sakafu ya boriti. Upande mmoja wa nyumba palikuwa na nyumba nyingine kama hiyo, lakini hiyo wameibomoa, na sasa wanachimba shimo la msingi wa jengo jipya. Mashine zinanguruma hapo kutwa.

Bi Raihana ana kinanda cha santuri alichoachiwa na marehemu mumewe, na sahani moja ya santuri ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kuigusa isipokuwa yeye. Ndani ya sahani hiyo marehemu mama yake anaongoza vugo, wanawake wanagonga pembe na kuitikia. Siku zile kulikuwa na mfanyabiashara aliyepita akirekodi nyimbo za arusi, na sauti hiyo haiko mahali pengine popote. Sasa Bi Raihana alitaka siku ya kupamba, Zakiya atakapotolewa mbele ya wanawake, atoke kwa sauti ile. Aliniambia ni afadhali mjukuu wake atoke miguu mitupu kuliko kutoka bila sauti ya mama yake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amempata Menza, ambaye redio iliyokufa ikimwona inakohoa. Akanitazama juu mpaka chini, akasema amesikia kwamba mdomo wangu unafanya kazi, na sasa angependa kuona mikono.

Kaka, kinanda chenyewe nilikitengeneza kwa kikao kimoja. Mkanda ulikuwa umelegea, sindano imekwisha, nikabadilisha. Kikaimba. Bi Raihana akafunga macho. Kisha Fahmi, kakake Zakiya, akapita kwenda jikoni na ile miguu yake ya bata, na sindano ikaruka. Krrak! Bi Raihana alishtuka kama aliyechomwa yeye. Unajua sindano ikiruka inakwaruza sahani, na mahali ilipokwaruza ndipo itakapojikwaa maisha yake yote. Hapo ndipo nilipoielewa kazi. Mtu mmoja akipita, boriti zinanesa na sindano inaruka, na siku ya kupamba wanakuja wanawake chumba tele, na hawaji kukaa kimya kama wako hospitali. Wanakuja kucheza. Na mimi mwanamume siruhusiwi kuwa ndani. Kwa hivyo nilitakiwa nikiweke kinanda mahali ambapo hata paka akizaa chini yake hakitikisiki, kisha nitoke niwaachie.

Nilianza na meza ya chai. Meza ni ya sakafu na sakafu ndiyo adui, tukaachana nayo. Nikapanda juu ya kabati la nguo, kabati likacheza kuliko sakafu. Nikajaribu juu ya friza, maana ni zito, lakini friza lina mngurumo wake, na sindano inausikia, ukapita kwenye spika ukatoka kama ng'ombe anayeumwa tumbo. Fahmi akasema hiyo ni vugo ya kisasa. Nikaweka sponji chini ya kinanda, kikayumba kama mlevi. Nikafikiria kukining'iniza kwa kamba kutoka kwenye dari, lakini Bi Raihana aliniuliza kama nina nia ya kumuua marehemu mama yake mara ya pili kwa kumnyonga.

Ndipo jicho langu likaangukia kidaka. Kile kikubwa kilichochimbwa ndani ya ukuta, walimokuwa wakipanga vyombo vya kaure, kipana hata televisheni kinaimeza. Nikajigonga kifua. Sakafu inanesa lakini ukuta umeshuka mpaka ardhini, jiwe juu ya jiwe, na mcheza ngoma hachezi ukutani. Nikatoa vyombo, nikalaza kipande cha marumaru cha kusukumia chapati, chini yake nikatia vipande vya mpira nilivyokata kwenye champali za Fahmi bila kumwambia, juu yake kinanda. Spika nikaziweka mbali, upande mwingine wa chumba. Kisha nikatoa pima maji. Ndiyo, kaka, ile yako ya njano. Uliyomnunia fundi mwenzako Musyoka mwaka mzima ukidhani ameiiba. Mimi ndiye niliyeiazima, mwombe Musyoka radhi. Kiputo kikakaa katikati kama yai kwenye kiota. Nikamwambia Fahmi aruke, akaruka, akaruka tena na tena mpaka jirani wa chini akapiga kelele. Sindano haikutikisika hata kidogo. Bi Raihana akaniletea mahamri kwa mkono wake mwenyewe, na siku hiyo nilishuka ngazi nikipiga mluzi.

Kesho yake nikaitwa. Sindano ilikuwa inateleza. Haikuruka, iliteleza tu, inakimbilia upande mmoja kabla ya wimbo kuisha, kama mtu aliyeketi kwenye kiti kilichopungukiwa mguu. Nilisema Fahmi amekigusa. Fahmi akaapa. Nikatia karatasi chini ya pembe moja, kikakaa sawa, nikaenda zangu. Siku iliyofuata, vile vile. Karatasi zaidi. Nikamwita Fahmi mchawi, naye akaniita fundi wa kukata champali za watu. Zakiya akatokea mlangoni na hina mbichi mikononi, akauliza kwa ile sauti yake ya upole inayouma, kama atatoka siku ya kupamba au atatoka siku ya sindano yangu.

Bwana Shukri akapanda juu Alhamisi, amevaa miwani ya dukani. Aliangalia kinanda kimekaa juu ya rundo la karatasi kama kuku wa kuatamia, akasema yatosha. Yuko kijana Nyali mwenye kompyuta na spika ndefu kuliko mimi, ataitwa yeye, na sahani ya mama irudi sandukuni. Bi Raihana akaanza kuifunga ile sahani kwenye leso, polepole, kama anavyofunikwa mtoto. Nakwambia, kaka, nimewahi kufukuzwa kazi, nimefukuzwa hata kanisani siku ile ya kipaza sauti, lakini sijawahi kujisikia vile.

Basi nikafungua kinywa. Nikasema kosa si langu wala si la kinanda. Nyumba ndiyo inayolala. Nikawaonyesha dirishani lile shimo la jirani, nikasema lile shimo linauvuta ukuta, na kila siku unaegemea kidogo, ndiyo maana kila siku sindano inateleza upande ule ule. Nikatoa pima maji, nikaiweka ndani ya kidaka mbele ya macho yao. Kiputo kikakimbilia pembeni. Nikasema wakiweka wanawake wote hao juu ya sakafu hii iliyoshikwa na ukuta huu, wacheze vugo, basi mimi sitakuwapo, na wao wasiseme hawakuambiwa.

Bwana Shukri akacheka, akasema nyumba hii ilijengwa na babu ya babu yake, na leo inakuja kuangushwa na mdomo wa Mrabai. Fahmi akashika ukuta kwa mikono miwili, akajifanya anauzuia usianguke. Hata mimi nilicheka kidogo. Lakini Bi Raihana hakucheka. Alinyoosha mkono, akaugusa ukuta ndani ya kidaka kama unavyomgusa mtoto kipajini kujua kama ana homa. Akasema kupamba kunahamia ukumbini Ganjoni, na anayetaka kubishana naye abishane baada ya arusi. Mwanawe akasema watu wameshaalikwa nyumbani. Akajibiwa kwamba watu wana miguu, na Ganjoni kuna tuktuk.

Sasa Jumamosi. Ukumbi ule wa Ganjoni uko chini, sakafu ya simenti iliyomwagwa juu ya ardhi, na hapo hata mimi sikuwa na la kubuni. Kinanda nilikiweka juu ya marumaru, marumaru juu ya matofali, matofali juu ya simenti. Nikamfundisha Bi Raihana kushusha sindano. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, usimwambie mtu. Kisha nikatoka, nikakaa nje ukutani na wanaume wengine. Wakati ulipofika nikaisikia sauti ya yule marehemu, pembe zinagongwa, wanawake wa leo wanawaitikia wanawake wa zamani, vigelegele, miguu, na sindano haikuruka hata mara moja. Nilitaka kumwambia kila aliyekuwa pale kwamba hiyo ni kazi yangu. Nilimwambia kila aliyekuwa pale.

Fahmi hakuwa pale. Alikuwa ameapa mbele yetu mchana kwamba kwa kuwa nyumba inaanguka, yeye anakwenda kulala chini ya kidaka chenyewe, akiamka salama nitamnunulia champali mpya. Nilimwambia alale vizuri. Tena nilimpa na simu yangu akaiweke ichaji, kwa sababu ukumbini soketi zote zilikuwa zimejaa.

Wimbo haujaisha, simu ya Bwana Shukri ikalia. Alisikiliza. Uso wake, kaka, sijui niuandikeje. Ulikuwa kama kitambaa kilichovuliwa rangi. Alikimbia, na mimi nikamfuata bila kujua ninafuata nini, tukaingia tuktuk moja. Nyuma yetu wanawake walikuwa bado wanaimba.

Tulipofika, nyumba haikuwapo. Sisemi ilikuwa imepasuka. Ukuta wa kidaka ulikuwa umekwenda shimoni wote, na sakafu ya juu ikaufuata, boriti zimesimama wima kwenye kifusi kama vijiti vya mishikaki. Jirani wa chini alikuwa barabarani, amekaa kitako na kuku wake, mzima. Vumbi la chokaa limeifunika njia yote. Nami nilisimama nikaliangalia lile pengo ambalo kidaka kilikuwapo, na kichwani mwangu nilikuwa najiuliza jambo moja tu, Fahmi yuko wapi.

Bwana Shukri alipanda juu ya kifusi na kanzu yake ya arusi, akaanza kuchimba kwa kucha, anaita jina la mwanawe. Nikachimba. Vijana wa mtaa wakaja na makarai, tukapanga mstari, tunapokezana mawe. Nikapata mto. Mto wa Fahmi, una michoro ya mpira wa miguu, nimewahi kumchekea. Nilipouvuta Bwana Shukri akatoa sauti ambayo sijawahi kusikia kwa mwanamume mzima. Tukachimba pale pale kama wendawazimu. Mikono yangu mpaka leo haina kucha mbili.

Jua lilikuwa linaelekea maghribi alipotokea mtu nyuma yetu akauliza kuna nini. Alikuwa na karatasi ya mhogo wa kukaanga mkononi, na pilipili mdomoni. Ndiye Fahmi. Alilala kidogo, joto likamshinda, akaenda zake ufukweni Mama Ngina kupunga upepo na wenzake. Bwana Shukri alishuka kwenye kifusi, akamkumbatia mpaka mhogo ukamwagika, kisha akamzaba kofi, kisha akamkumbatia tena. Mimi nilikaa chini pale nilipokuwa.

Tangu hapo mji umenigeuka, kaka, na si kama ulivyozoea wewe. Wananiita Injinia. Nikipita, wazee wanainuka barazani kunipa mkono. Muuza kahawa ananijazia kikombe kabla sijaomba. Wanawake waliokuwa kupambani wamepata habari kwamba ile sakafu ingekuwa kaburi lao, na kila mmoja anataka kunilisha. Bwana Shukri alinishika mabega mbele za watu, akalia, akasema lau si mdomo wa huyu Mrabai. Na watu wanaokaa jirani na lile shimo wananivuta niingie nyumbani kwao na pima maji yangu, niwaambie kama wahame au wakae.

Ungefikiri nimenenepa kwa sifa. Wewe ndiye mtu pekee nitakayemwandikia haya, na ninaandika haraka kabla sijabadili nia.

Nilidanganya, kaka. Sikujua kwamba ukuta unaegemea. Sikujua lolote. Nilikuwa nimeshindwa kukiweka kinanda sawa na sikujua kwa nini, na nilipoona nafukuzwa nikatafuta la kusema, na shimo lilikuwa pale dirishani, nikalichukua. Pima maji yako niliiangusha ngazini siku ile niliyoshuka nikipiga mluzi, kioo chake kimelegea, na ukikibonyeza kwa kidole gumba kiputo kinakwenda unakotaka wewe. Nilikibonyeza. Mbele ya mama yule, mbele ya bibi arusi. Maneno yote yale niliyatunga hapo hapo niliposimama, na kumbe kila neno lilikuwa kweli. Sindano ilikuwa inaniambia siku zote na mimi nairundikia karatasi. Ndiyo maana nilimwacha Fahmi akalale pale. Mtu anayeamini kwamba ukuta unaanguka hampeleki mwenzake chini yake. Nilipoushika ule mto nilijua kwamba katika watu wote waliosikia maneno yangu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutoyaamini.

Na Bi Raihana amejua. Jana nilikwenda kumtazama kwa jamaa zake Ganjoni anakokaa sasa. Aliniketisha, akanipa chai, akangoja nimeze. Kisha akaniuliza kitu kimoja, kwa upole kabisa, kwamba kama nilijua nyumba inaanguka, kwa nini niliiacha simu yangu ndani. Kaka, nikakiweka kikombe chini. Nikamwambia yote, mpaka kidole gumba. Akanijazia chai tena. Akasema yeye hakuhama kwa ajili ya kiputo. Alipougusa ukuta ulikuwa unatetemeka kama ngozi ya ngoma, na kwa kuwa hakuna mtu angemsikiliza kikongwe, aliyaacha maneno yangu yapite. Kisha akaniambia kwamba mjukuu wake yu hai kwa sababu anapenda mhogo, si kwa sababu yangu, na akaniuliza nikienda kwenye nyumba ya watu na kile kidude changu kibovu nikawaambia walale, nani atakayependa mhogo siku hiyo.

Tayari yupo mmoja aliyeniuliza. Dada anaitwa Beverly, mpangaji wa nyumba ya nyuma ya lile shimo, ana mtoto mchanga. Alinionyesha ufa juu ya kitanda cha mtoto, akaniuliza walale au wasilale. Nilimwambia wahamie kwa rafiki yake kwa sasa. Amehama na godoro kichwani, akinishukuru. Sijui kama nimemwokoa au nimemsumbua bure, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kwa hivyo njoo. Waombe ruhusa wenye jengo, sema umefiwa ukitaka, lakini njoo na shemeji anaporudi. Lete pima maji nzima, lete timazi ya kupimia kuta, lete huo ununaji wako. Ingia kwenye nyumba hizi uwaambie watu ukweli wanaoweza kuulalia. Bi Raihana amenipa mpaka Ijumaa. Watu wa mtaa wakitoka msikitini watakusanyika barazani, na mimi nitasimama niwaambie nilichokuambia wewe, kwa mdomo huu huu. Najua watakaocheka, na najua atakayetaka kunipiga. Bwana Shukri ana mkono mzito, nimeuona. Lakini ningependa nikimaliza kusema wawe na fundi wa kweli wa kumgeukia, na fundi wa kweli ninayemjua ni wewe tu. Hilo nimeliandika mara moja, sitalirudia.

Nisalimie wenzako wote wa kazini, na yule mzee anayewapikia wali, mwambie nauonea wivu. Musyoka nimemsalimia mwenyewe, nikamwomba radhi ya pima maji, akanifukuza na jiwe. Shemeji Caroline umpokee vizuri, amekubebea samaki wa kupaka, na kama harufu imeingia kwenye karatasi hii mimi simo. Mungu akulinde kwenye jukwaa na akufikishe kwetu mzima.

Ni mimi mdogo wako,

Menza
fundi wa sauti, basi